Mlinzi wa Barua za Genkuru

Nilikisikia chumba kile kabla sijakiona. Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya mabati, barua ya ajira mkononi, vumbi jekundu la Genkuru limenipaka mpaka kwenye kope, na nyuma ya mlango kulikuwa na mvumo kama wa nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Haukupanda wala kushuka. Kisha umeme ukakatika, taa ya korido ikazimika, na ndani ya ule mvumo kikaanza kilio kingine, tii, tii, tii, chembamba, cha haraka, kama mtoto wa mbuzi aliyebaki nyuma. Sauti ya mwanamume ikasema neno moja la Kikurya ambalo sikulijua na ambalo nililielewa. Nikasikia kiti kikiburuzwa, jenereta ikikohoa nje, na kile kilio, cha betri ya akiba ya seva kama nilivyokuja kujua, kikanyamaza. Ndipo mlango ulipofunguliwa kidogo, nikaona nusu ya uso. "Wewe ndiye Rehema? Ingia upesi, unatoa baridi." Hiyo ndiyo salamu ya kwanza niliyopewa na Marwa.

Mwezi uliopita tulimzika, kule Susuni, pembeni mwa shamba lake la mahindi. Mwanawe mkubwa alinipa kipaza sauti akasema, "Mama, sema neno, wewe ulifanya kazi na mzee." Nikasimama mbele ya turubai lililojaa watu nikasema kwamba alikuwa mwalimu wangu, kwamba kila kitu ninachokijua kuhusu seva za barua pepe alinifundisha yeye, kwamba alikuwa mtu wa ukweli. Watu wakaguna kukubali. Hapo kwenye neno ukweli ulimi wangu uliteleza kidogo, nikatumaini kwamba walidhani ni kilio. Mjane wake alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Asante, mama. Wewe ndiye uliyebaki." Neno hilo halijaniacha tangu siku ile. Nilifanya kazi na Marwa mwaka mmoja tu. Nina umri ambao watu wananiamkia shikamoo hata nisipowatazama, nimelinda barua za hospitali, za shule, za hoteli za mbugani, na bado nikiulizwa maisha yangu yalianza lini, najibu moyoni kwamba yalianza mwaka ule, kwenye kile chumba cha baridi. Yaliyotangulia hayana haja hapa.

Ulikuwa mwaka wa dhahabu. Ukilala Jumatatu pakiwa na shamba la mihogo, Ijumaa palikuwa na gesti yenye taa za rangi. Watu walikuja kutoka Geita, kutoka Kahama, kutoka ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, wakiwa na Kiswahili chao cha "sasa, mko poa?", na wote walitembea wakiangalia chini, kama watu waliodondosha kitu. Kampuni yetu haikuwa mgodi. Ilikuwa moja ya zile kampuni ndogo zilizofuata dhahabu kama nzi wanavyofuata maziwa: tulitoboa miamba ya kilima kimoja na kuilipua kwa ajili ya wengine. Haipo tena, na jina lake halimsaidii mtu. Tulikuwa wafanyakazi arobaini na kitu wenye kompyuta, na kila tulichoambiana kilipita kwenye seva moja nyeusi, kubwa kama sanduku la nguo, iliyokaa kwenye meza ya mbao chini ya kiyoyozi. Maagizo ya vipuri, majibu ya sampuli za mawe kutoka maabara ya Mwanza, ratiba za zamu. Na matangazo ya kulipua. Hayo hasa. Baruti ikianza kushindiliwa mashimoni, redio zote za mkononi huzimwa, kwa sababu mawimbi yake yanaweza kuwasha fataki kabla ya wakati. Simu ya mezani ya getini ilikuwa imekufa tangu masika. Simu za mkononi zilishika mtandao mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya kantini, tena ukisimama kwa mguu mmoja, kama walivyosema watani. Kwa hiyo saa ya kulipua ilikwenda getini kwa barua pepe. Karani wa geti aliichapisha, akampa Wambura, askari wa geti, na Wambura akateremka mteremkoni na honi yake kuwaondoa wachungaji na wale akina mama waliopekua mawe yaliyotupwa, wakitafuta punje iliyosahaulika.

Marwa alikuwa mtu wa kwanza kutoka vijiji vile kupewa chumba kama kile. Vijana wenzake walipewa rungu la ulinzi au koleo. Yeye alikuwa amesoma Mwanza, akafanya kazi kwenye duka la kompyuta, akarudi nyumbani akiwa na miaka thelathini na moja na mashati mawili meupe. Kantini walimwita Bosi wa Baridi, na wazee waliopita nje ya uzio walimwonyesha wajukuu wao kwa kidole: yule mtoto wa Mwita ndiye anashika barua zote. Lakini miezi miwili kabla sijafika, kirusi kilikuwa kimeingia kupitia barua ya mtu wa stoo, kikajituma chenyewe kwa kila anwani tuliyokuwa nayo, mpaka kwa wakubwa wa mgodi waliotupatia kazi. Ukuta kati ya chumba chetu na ofisi ya meneja ulikuwa wa plaiwudi. Wiki yangu ya kwanza nilimsikia meneja akizungumza na makao makuu ya Dar es Salaam kwa simu ya setilaiti, akipaza sauti kama watu wote wanavyopaza kwenye simu ile. "Ndiyo, ni mtu wa hapa hapa. Ndiyo, najua. Nipeni mpaka mwisho wa mwaka. Kirusi kimoja kikitoka tena, seva ihamie huko kwenu, na huyu nitamtoa mwenyewe." Nilimtazama Marwa. Alikuwa akiandika, vidole havikusimama, kana kwamba anayezungumzwa ni mtu wa Tabora. Kisha akasema bila kugeuka, "Umesikia. Sasa unajua kazi yetu ni nini."

Kazi yetu ilikuwa kumtunza Mlinzi. Ndivyo alivyoiita ile programu ya kuzuia virusi iliyokaa ndani ya seva, ikisimamisha kila barua inayoingia na inayotoka na kuipekua mifuko. Ilikagua barua moja moja, kwa foleni, na hakuna iliyopita bila kupekuliwa. Kila Ijumaa basi la Mwanza lilituletea bahasha yenye sidii, kwa sababu dishi letu la intaneti lilikuwa la polepole kiasi kwamba kuvuta sasisho lile kwa njia ya hewa kungeziba barua siku nzima. Marwa alikwenda mwenyewe stendi ya Tarime kuipokea, akaibeba ndani ya shati kama mtu aliyebeba chanjo ya ng'ombe. "Mlinzi anawajua wezi kwa sura," aliniambia. "Hizi ni picha za wezi wapya. Mwizi ambaye picha yake haijafika, atapita hapa anakusalimia." Seva tuliisasisha kila Ijumaa. Kompyuta za mezani nilizizungukia mimi, ofisi baada ya ofisi, mara moja kwa mwezi, na kila ofisi walikuwa na shughuli na kuniambia nirudi kesho.

Nilipanga chumba kwa Mama Boke, aliyepika kantini. Kilikuwa na kitanda, ndoo, na dirisha lililotazama zizi lake la ng'ombe watatu. Chakula cha mchana nilikula kazini pamoja na wengine, mabenchi mawili marefu chini ya bati, ugali wa wimbi mweusi mpaka unang'aa, na siku za heri kichuri, nyama katika mchuzi wa nyongo, uchungu ambao mtu aliyelelewa mjini Mugumu kama mimi alihitaji miezi mitatu kuuelewa. Pale ndipo nilisikia mambo yote. Nyamhanga wa stoo, mtu mnene, mchekeshaji, mwenye kinyongo cha siri kwa kila mtu aliyesoma, hakuacha siku ipite bila kutuchokoza. "Msiketi karibu na hao wa baridi, chumba chao kina virusi." Mama Boke alimpiga kwa kitambaa. "Nyamaza, mura, kirusi kilianzia kwako." Watu wakacheka, yeye akacheka zaidi yao wote, macho yake hayakucheka.

Ni Nyamhanga aliyeanza lawama. Mlinzi alikuwa mkali. Alishika na barua halali, orodha za vipuri kutoka Nairobi, picha za harusi, kila kilichobebwa ndani ya faili asiloliamini. "Marwa," alisema mbele ya benchi zima, "mlinzi wako ni kama trafiki, anasimamisha hata gari la wagonjwa. Mashine imelala siku mbili kwa sababu orodha yangu iko jela." Meneja alikuwa meza ya pembeni, akisikia. Alasiri ile Marwa alitengeneza folda ambayo kila mtu aliweza kuiona, akaipa jina Zizi. Barua zilizoshikwa ziliwekwa humo. Mwenye ng'ombe wake aje mwenyewe, amtambue, amtoe. Nilijua siyo utaratibu. Kitabu chetu kilisema barua zilizoshikwa zionwe na msimamizi peke yake. Lakini Nyamhanga alinyamaza, meneja akasema "Sasa mnafanya kazi," na mimi nikaona ni busara.

Kosa langu lilikuja baadaye, na lilianzia kwenye sahani. Siku moja mchana tulikuwa tunakula, kukapigwa yowe ng'ambo ya kilima. Ng'ombe wameibwa. Sijawahi kuona kitu kama kile. Midomo ilikuwa bado inatafuna na benchi zilikuwa tupu. Wahasibu, madereva, Nyamhanga na tumbo lake, wote walikimbia kuelekea sauti. Mama Boke alikimbia na mwiko mkononi. Mimi niliingia chini ya meza. Waliporudi saa moja baadaye, wamelowa jasho, ng'ombe wamepatikana, Mama Boke alinikuta nakusanya sahani. "Wewe ulikuwa wapi?" Nikasema nilijificha. Kicheko kilichotoka pale nadhani kilifika Kenya. "Binti, huku yowe halikimbiwi. Ukibaki ndani, kesho watasema wewe ndiye uliyefungua zizi." Nilicheka nao. Nilichokiona siku ile ni neno moja lenye uwezo wa kuinua watu arobaini kwenye chakula, na nikaliweka akilini kama mtu anayeweka msumari mzuri mfukoni.

Tahadhari za Mlinzi zilikuwa za Kiingereza, ndefu, na zilikwenda kwa Marwa peke yake. Alitaka watu nao wajue. "Andika wewe," aliniambia, "Kiswahili chako kimenyooka." Nikaandika: YOWE! BARUA MBAYA IMEINGIA. Chini yake nikaacha nafasi ambapo mashine yenyewe ingejaza jina la barua. Kisha: IMEFUNGIWA ZIZINI. MSIIFUNGUE. Palikuwa na vijisanduku vya kuchagua nani apelekewe. Nikaweka alama kwenye kile cha watu wote, kila mara, kwa kila barua itakayoshikwa. Marwa alisoma, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Yowe. Hiyo wataisikia." Sasa ninapoandika haya najiuliza ilikuwaje yeye, aliyezaliwa humo, asione. Nadhani alifurahi mno kuona neno la kwao kwenye mashine ile. Mimi nilikuwa nimeona nguvu ya yowe, sikuona uelekeo wake. Kwetu mjini ukelele wa hatari ni wa kukukimbiza mbali. Kwao ni wa kukuita.

Alhamisi ile ilianza na joto zito na mawingu yaliyosimama upande wa ziwa. Meneja alikuwa amekwenda Tarime na gari pekee lililobaki. Saa tano na robo Mlinzi alishika barua kutoka nje, yenye kichwa "Majina ya watakaopandishwa vyeo". Akaiweka Zizini, akapiga yowe langu kwa watu wote. Tulisikia kabla hatujajua: kupitia plaiwudi, viti vikisogezwa, nyayo kwenye korido, mtu akiita, "Iko wapi? Iko wapi?" Walikuwa wanakimbilia. Nilisimama mlangoni nikaona kupitia kioo cha ofisi ya pili vichwa sita juu ya kompyuta moja, na Nyamhanga katikati akisema, "Hebu tumwone huyo mwizi." Nikapiga kelele, "Msifungue!" Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Tumekuja kusaidia, dada." Kidole chake kilikuwa tayari kimeshuka. Na haikuwa ofisi ile tu. Nyumba nzima ilikuwa Zizini.

Kompyuta ambazo nilikuwa sijazifikia mwezi ule hazikumtambua mgeni. Kila moja ilianza kutuma barua ileile kwa anwani zote ilizozijua. Mlinzi wa seva alizishika zote, hakukosea hata moja, Mungu ni shahidi. Na kwa kila moja aliyoishika alipiga yowe kwa watu arobaini na kitu. Na wale waliokuwa bado hawajafungua, wakasikia yowe jipya, wakaenda kufungua. Foleni kwenye kioo cha kompyuta yetu ilikuwa na barua mia tatu, nikapepesa, mia tisa, nikapepesa, ikapita elfu mbili. Feni zilipandisha sauti. Marwa alikuwa ameshika kichwa kwa mkono mmoja na kwa mwingine anateremsha orodha, mstari kwa mstari, midomo ikisoma. Kisha mkono ukasimama. "Rehema. Soma hii."

Ilikuwa katikati ya takataka zile, kutoka kwa kikosi cha kulipua, kwenda getini. Kwa sababu ya radi inayokuja, leo tunalipua saa sita na nusu badala ya saa kumi. Ilikuwa imetumwa saa tano na dakika tano na haikuwa imekwenda popote. Wakati ule zilikuwa zimeingia barua kubwa za maabara mbele yake, na sasa Mlinzi, aliyekagua moja moja na kutanguliza mayowe yake mbele ya barua zetu, alikuwa amezama. Kwa utaratibu geti lilipaswa kujibu kwanza ndipo kikosi kilipue. Lakini majibu ya geti yalizoea kuchelewa, na kikosi kilikuwa kimezoea kulipua kwa saa ya mkononi, bila kungoja jibu. Tulilijua hilo sote wawili. Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika arobaini na tatu. Kule mteremkoni akina mama walikuwa wameinama juu ya mawe, wakijua wana muda mpaka saa kumi. Dada wa mkewe Marwa alikuwa mmoja wao, kila siku, na mtoto mgongoni.

"Nachukua baiskeli ya Mama Boke," Marwa akasema. Alikuwa tayari amesimama. Kutoka ofisini hadi getini ni mwendo wa nusu saa kwa baiskeli, barabara ya mawe, kupanda na kushuka. "Wewe futa foleni, moja moja, iache ile ipite." Nikamwambia haitawezekana, ziko elfu tatu, zinazaana. "Basi futa utakazoweza." Mlangoni akageuka. Nimeuona mgeuko ule miaka yote hii. "Usimzime Mlinzi. Lolote litokee, Rehema, usimzime. Ukimzima, hizi zote zinatoka nje na mimi nimekwisha." Akaondoka, nikasikia mnyororo wa baiskeli ukilia nje ya dirisha.

Nilifuta. Kwa haraka yangu nikafuta hata ratiba ya zamu na barua ya rambirambi. Kwa kila mia niliyoiondoa ziliingia mia mbili. Nilipiga hesabu kichwani, hesabu rahisi, ya mtoto wa darasa la tatu: Marwa atafika sita na dakika kumi, pengine na kumi na tano akianguka, Wambura anahitaji dakika ishirini kuuzunguka mteremko wote na honi yake. Ilibaki hesabu isiyotosha au inayotosha kwa unywele. Nje ngurumo ya kwanza ilipita juu ya mabati. Mbele yangu palikuwa na kitufe kimoja. Nikikibonyeza, Mlinzi anakaa kando na barua zote zinapita kwa mkupuo, ya kulipua pamoja na zile zenye ugonjwa, kwenda Dar es Salaam, kwenda kwa wakubwa, kila mahali. Sikumfikiria Marwa kwa muda mrefu. Ningependa kuandika kwamba nilimfikiria. Nilimfikiria yule mtoto mgongoni, ambaye hata jina lake sikulijua, na nikakibonyeza. Ilikuwa saa tano na dakika hamsini na mbili. Seva yenyewe iliandika, kwa kuwa seva huandika kila kitu. Foleni ikateremka kama maji kwenye ndoo iliyotobolewa. Elfu tatu, elfu moja, hamsini, sifuri. Nikakaa na mikono mapajani.

Saa sita na nusu kilima kililipuka na vikombe vya kantini vikagongana rafuni. Hatukujua lolote mpaka saa saba, Marwa aliporudi akiisukuma baiskeli, gurudumu la mbele limepinda, magoti yote mawili yanatoka damu. Mama Boke alimkimbilia na ndoo ya maji. "Watu?" akauliza. "Wametoka wote," Marwa akasema. "Ndama mmoja amevunjwa mguu na jiwe." Kisha akaniangalia juu ya bega la Mama Boke. "Nilipofika getini Wambura alikuwa ameshateremka. Walikuwa wameipata barua, saa sita kasoro dakika tano." Alijua mashine ile kuliko mtu yeyote. Alijua kuna njia moja tu barua ile ingeweza kufika. Alinawa magoti, akaingia chumbani, akamwasha Mlinzi tena, akakaa akisafisha kompyuta moja baada ya nyingine mpaka jua lilipozama, na mimi nikimpitishia sidii. Kupitia ukuta tulimsikia meneja amerudi, akisema kwenye simu, "Ndiyo. Ndiyo. Imewafikia na ninyi? Ndiyo. Kesho asubuhi mtapata jina."

Nimezunguka swali lile miaka yote. Ningemwacha Mlinzi bila kumzima, je, Marwa na baiskeli yake wangetosha? Wambura angeanza kupiga honi dakika kumi na tano baadaye. Wapo wanaosema mteremko ule ulihamishwa kwa dakika kumi tu siku ile, watu walikimbia kwa sababu ya radi. Wapo wanaosema akina mama wa mwisho walivuka korongo honi ikiwa inalia bado na kilima kikajibu. Niliwauliza wote, kwa miaka mingi, nikijifanya nauliza habari za zamani. Sijapata jibu la kunilaza wala la kuniamsha.

Asubuhi tuliitwa. Ofisi ya meneja ilinukia chai ya tangawizi ambayo hakuna aliyekaribishwa. Mezani palikuwa na vitu viwili: kumbukumbu za seva, zimechapwa, na kitabu cha geti, kimefunguliwa. Tulikaa kwenye viti viwili vya plastiki, goti la Marwa limefungwa kitambaa cheupe. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeulizwa jina na watu wa mbali. "Mlinzi alizimwa jana," akasema. "Nani alimzima?"

"Mimi," Marwa akasema.

Nilikuwa nimefungua mdomo. Naapa nilikuwa nimeufungua. Meneja aliinama juu ya karatasi, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, kidole kingine kwenye kitabu cha geti. "Saa tano na dakika hamsini na mbili. Na hapa kitabu kinasema saa sita na dakika kumi ulikuwa getini kwa baiskeli."

"Nilikazana, bosi."

"Kutoka hapa? Dakika kumi na nane? Na njia ile?"

"Mimi ni mtu wa hapa. Naijua njia."

Vidole viwili vilibaki palepale kwenye zile karatasi. Meneja alijua. Mtu yeyote mwenye macho angejua. Alivua miwani, akaipangusa kwa tai, na bila miwani akanigeukia, uso wake ukiwa mtupu kabisa, uso wa mtu anayekuachia nafasi. "Rehema. Una la kusema?"

Kiyoyozi kilikuwa kimezimwa. Nilisikia kalamu ya mtu ikianguka ofisi ya pili. Marwa hakunitazama, alitazama mikono yake, imefungwa pamoja juu ya lile goti, na kidole gumba cha kulia kilikuwa kinasugua cha kushoto, taratibu, kama mtu anayefuta wino. Nilifikiri: tukiondoka wawili, chumba kinakwenda Dar es Salaam na hatapewa tena mtu wa huku kitu chenye kufuli. Nilifikiri hivyo, ndiyo. Nilifikiri pia kitanda changu kwa Mama Boke, na barabara ndefu ya kurudi Mugumu, na nini nitawaambia. Sijui kipi nilikifikiri kwanza. Nimejaribu kukumbuka upya mara nyingi mno kiasi kwamba sasa naviona vyote vimevaa nguo moja.

"Hapana, bosi," nikasema.

Meneja akavaa miwani. Akaandika kitu kifupi kwenye kitabu cha geti, akakifunga kabla wino haujakauka. "Basi, Marwa. Leo hii." Marwa akasimama kwa kuegemea kiti, kwa sababu ya goti. Akampa meneja mkono, naye akaupokea. Akapita nyuma yangu, karibu kiasi kwamba nilisikia sabuni ya shati lake, na kiganja chake kikatua begani mwangu, kizito, mara moja, kisha kikaondoka. Sikugeuka. Nilisikia hatua zake zenye kuchechemea mpaka kwenye kizingiti, nikasikia anasimama, na nikajua kwamba nikisema neno sasa hivi bado litasikika. Halafu akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake, polepole, kwa mkono wa mtu asiyetaka kuwasumbua waliobaki ndani.